Wimbo Ulioingia kwa Mgongo

Wavuvi wa Kalemie wana namna yao ya kujua kama Papa Télesphore Kabemba amepata wimbo mpya: wanakagua nyavu zao. Kichwa chake kikiwa kimetulia, hakuna fundi wa nyavu anayemfikia, kuanzia mdomo wa mto Lukuga mpaka Mpala. Lakini wimbo ukishamwingia, shauri yako. Kuna mwaka alishona wavu wa Papa Gaspard, wavu mkubwa wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaurudisha umekunjwa vizuri, kila tundu limezibwa, na mdomo wenyewe wa wavu nao umezibwa. Vijana wa Gaspard wakaenda nao ziwani, wakawasha taa, ndagala wakaja kwa wingi, wakacheza mwangani mpaka wakachoka, wakaenda zao. Asubuhi Gaspard alikuja amevimba. Alisimama mbele ya Papa Télesphore akamwaga yote yaliyokuwa moyoni, akawataja mpaka na mababu. Papa Télesphore alimsikiliza kwa makini hadi mwisho, halafu akamwomba kwa upole arudie yale maneno ya mwisho, maana namna sauti ilivyopanda pale ilikuwa tamu, na yeye alikuwa akitafuta kitu kama hicho tangu Jumatatu. Gaspard akacheka, afanye nini? Hasira ile inaimbwa hadi leo parokiani, kwenye wimbo wa kutoa sadaka, na Gaspard mwenyewe huuimba kwa nguvu kuliko watu wote.

Huyo ndiye Papa Télesphore. Mchana anashona nyavu kando ya ziwa, jioni ni maestro wa kwaya, na katikati ya hayo mawili ni mtu ambaye ndani yake hakuna kimya. Wewe ukiwa peke yako unasikia pumzi zako. Yeye husikia sauti ya pili. Tangu utoto wake, mtu hakumwita jina wala jogoo hakuwika bila kitu fulani ndani yake kujibu, chini kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili. Alipokuwa mdogo alidhani watu wote wako hivyo. Alipogundua kwamba sivyo, aliingiwa na hofu, akaona labda ni ugonjwa wa kichwa, akaenda kumweleza padri wa wakati ule. Padri akamuuliza sauti hizo zinamwambia nini. Akajibu kwamba hazimwambii kitu, zinaimba tu, na mara nyingi ni sauti ya pili na ya nne. Padri akamtuma kwenye kwaya, na ugonjwa wenyewe haujapona mpaka leo.

Mkewe, Mama Émérence, anaijua safari ya wimbo kuliko mwenye wimbo. Kwanza mumewe hupoteza vitu, kiatu cha mguu mmoja, sindano ya nyavu, kofia aliyoivaa. Kisha salamu zake huchelewa: unampa jambo, unapita, unafika kwenye kona, ndipo unasikia jambo yako inaitikiwa huko nyuma. Kisha ananuna, na usijaribu kumwuliza amekuwaje. Mwisho anakuwa mwema kupita kiasi, anakaa chini kuchambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na mkewe, anasifia hata chumvi, na hapo Mama Émérence anajua kwamba wimbo uko mlangoni. Wageni wakija siku hizo yeye huwapokea nje na kuwaambia wasimsemeshe, mzee ana mzigo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mama Émérence amekilalia kitanda hicho toka ujana wake, wala hajawahi kujuta. Anasema kuna wanawake wenye waume wanaokoroma, wake anakoroma kwa sauti nne.

Papa Télesphore alikuwa na kiburi kimoja tu, na lazima kitajwe, maana ndicho kilichomponza. Maestro wa parokia nyingine wakileta nyimbo zao, Papa Télesphore alikuwa anasikiliza, anainamisha kichwa, kisha anasema huu umetoka kwenye rumba fulani, huu kwa majirani zetu wa ng'ambo Kigoma, huu waliupata redioni. Hakukosea. Halafu anaongeza kwamba yeye hajawahi kuokota wimbo wa mtu njiani. Za kwake zinashuka kutoka juu. Alikuwa akisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayekutajia alikozaliwa, na watu walimwamini kwa sababu yeye mwenyewe aliamini. Hakuwa na shamba kubwa wala mtumbwi. Alikuwa na hilo: kwamba kilichomo kichwani mwake ni chake, Mungu amempa mkononi.

Basi parokia ilikuwa inakaribia kutimiza miaka hamsini. Padri Eugène Kabange, mtu wa Manono, mrefu, mwenye maneno machache, alimwomba Papa Télesphore nyimbo mpya za misa ya jubilei, na zaidi ya zote Utukufu, maana Utukufu ndio watu watakaotoka nao kanisani. Nyimbo nyingine zilikuja bila taabu. Utukufu ukagoma. Papa Télesphore alipoteza viatu vya miguu yote miwili.

Ulikuja asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa ameketi nje, mgongo wake umeegemea ukuta wa jiko, na upande wa pili wa ukuta Mama Émérence alikuwa anatwanga sombe. Mapigo ya mtwangio yalipita kwenye matofali yakamwingia mgongoni, tu, tu, tu, na mara wimbo mzima ukasimama mbele yake. Sauti ya kwanza ilikuja imevaa tayari. Ya pili ikaja nyuma yake inacheka. Ya tatu na ya nne zikaingia pamoja. Na mwishoni, mahali ambapo wimbo ulitaka kushuka urudi nyumbani, yeye akauzuia, akaupandisha ngazi moja ndogo, akauacha ukae pale juu kidogo kama mtu anayetazama ziwa, kisha ndipo akauruhusu ushuke. Machozi yalimtoka. Mama Émérence alipokuja na kinu chake alimkuta anajifuta uso kwa wavu wa watu.

Kwaya ilifurahi. Walijifunza kila sauti peke yake, wiki baada ya wiki, na Reine, binti yao wa mwisho, aliimba sauti ya kwanza akiwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limetangulia kanisani kabla yake. Mumewe alikuwa anamsubiri nje na moto yake, pikipiki ya kubebea abiria. Mume huyo anaitwa Jovial, yaani mchangamfu kwa Kifaransa, lakini aliyempa jina hilo alimkosea, kwa sababu Jovial huwezi kumchekesha hata ukimtekenya. Ni kijana mwema, mpole, uso wake tu ndio umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Siku walipounganisha sauti zote nne na ngoma, ndipo mambo yalipoharibika. Mama Angélique, anayeuza ndagala sokoni na kuongoza sauti ya pili, alianza kuuma ncha ya kitenge chake. Mwenzake wa kushoto akamwona, naye akainama. Viuno vikaanza kujibu ngoma namna ambayo viuno havijibu kanisani. Papa Télesphore akagonga meza, wakaanza tena, na safari hii kicheko kikatoka waziwazi, kikawaangusha wanawake wa sauti ya pili mmoja juu ya mwingine. Akauliza kuna nini. Akamtazama Mama Angélique, ambaye ni mwanamke mkweli, na ambaye kwao ni Mpala kama yeye.

"Papa Maestro, utusamehe," alisema huku anajipangusa macho. "Ule wimbo njo wa mapasa."

Kwa asiyejua: kwetu mapasa, yaani watoto pacha, hawapokelewi kama watoto wengine. Wakizaliwa, wanawake hutoka na majani mabichi kichwani na ungo mkononi, wanajipaka udongo mweupe, wanakwenda kuimba matusi. Ndiyo, matusi. Wanamtukana baba, wanamtukana mama, wanawatukana wakwe wa pande zote mbili, na mambo ya chumbani yanatajwa mchana kweupe mbele ya watu wazima na wadogo. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Mapasa ni watoto wenye kiburi, wasipochekewa na kuimbiwa wananuna, na wakinuna wanaweza kurudi walikotoka. Kwa hiyo hata mama aliyepokea komunyo asubuhi, mchana utamkuta na ungo wake barabarani anaimba kwamba baba huyu ana jembe moja na kwa siku moja amelima mashamba mawili. Kesho yake anarudi kwenye rozari, na Mungu anamwelewa.

Mama Angélique aliuimba kidogo, kwa sauti ya chini, ule wimbo wa jembe moja. Ulikuwa ni Utukufu wa jubilei. Si kufanana tu, ni wenyewe, umevua nguo za misa. Wanaume wa sauti ya nne, waliokuwa wanajifanya wazito, wakageukia ukutani mabega yanatikisika. Wimbo wa zamani ulipofika mwisho ulishuka moja kwa moja nyumbani, haukupanda ile ngazi ndogo wala kukaa juu, lakini siku ile nani alikuwa na masikio ya kusikia hilo? Hata Papa Télesphore hakulijali.

"Bibi yako njo alikuwa anautanguliza kule Mpala," Mama Angélique akaongeza, bila ubaya wowote. "Na weye uko mugongoni yake, umefungwa na kitenge. Mama yangu alikuwa anatuambia kila siku." Kisha jicho lake likaenda kwenye tumbo la Reine, na akasema kwamba wimbo wa mapasa hauimbwi ovyo wiki baada ya wiki bila mapasa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Reine akacheka akashika kiuno, akasema mkunga amemwambia mtoto ni mmoja, mnene tu.

Papa Télesphore alifunga mazoezi mapema. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita karibu na nyumba zilizoachwa ziwa lilipopanda. Alikuwa anaona haya, haya ya kweli, inayochoma masikio. Sura ya bibi yake hakuikumbuka, alikufa yeye akiwa mdogo sana. Lakini mgongo aliukumbuka. Aliukumbuka joto lake na harufu ya moshi na mawese, na kwamba sauti ya yule mwanamke haikumjia kwa masikio, ilimjia kwa kifua, ilipita kwenye mifupa yake ikaingia kwenye ya kwake. Siku nyingine kumbukumbu kama hiyo ingemfurahisha. Siku ile aliiona kama mtu aliyekuja kumdai kitu chake.

Akaanza kuzipekua nyimbo zake zote. Alizifungua moja moja, kama mtu anayetafuta panya kwenye magunia, na kila gunia lilikuwa na panya. Kwenye wimbo wa komunyo alikuta honi ya meli inayoingia kutoka Kigoma. Kwenye wimbo wa Krismasi alikuta wauza ndagala wanavyoita wateja. Kwenye Mtakatifu, ule uliosifiwa hata na wageni, ilikuwa kengele ya misioni ya Mpala, tena imepigwa na mtu mvivu. Hasira ya Gaspard tayari aliijua. Hapakuwa na hata mmoja ulioshuka kutoka juu bila kupita kwa mtu. Yeye aliyewataja maestro wenzake kuwa waokotaji, kumbe ndiye mwokotaji mkubwa kuliko wote, na hakujijua. Mwizi asiyejijua, alijiambia, ana nafuu gani?

Na sauti ya pili ikanyamaza. Jogoo aliwika, hakuna aliyejibu. Mlango ukalia, ukawa mlango tu.

Wavuvi ndio waliofaidi. Nyavu hazijawahi kushonwa vile Kalemie. Kila fundo mahali pake, kila mdomo wazi, na kazi ilirudi kabla ya siku iliyoahidiwa. Gaspard alimwombea baraka mbele za watu. Salamu ziliitikiwa papo hapo. Kofia ilikaa kichwani. Majirani walisema mzee amepona, na Mama Émérence peke yake ndiye aliyeogopa, kwa sababu mumewe alikuwa analala bila kukoroma hata sauti moja. Alijaribu dawa alizozijua. Alimpikia samaki wa kuhe kwa nyanya, akatwanga sombe makusudi nyuma ya ule ukuta mpaka mikono ikamuuma. Papa Télesphore alimshukuru, akala, akasema chakula ni kizuri. Mama Émérence aliingia chumbani akalia kidogo, kisha akatoka akaendelea na kazi.

Jubilei ikiwa haiko mbali tena, Papa Télesphore alikwenda kwa Padri Eugène kuuondoa Utukufu. Maneno ya ule wimbo wa zamani hakuthubutu kuyatamka mbele ya padri. Alisema tu kwamba wimbo si wake. Padri akauliza ni wa nani. Akajibu kwamba ni wa wanawake wa Mpala. Padri alimtazama sana, akauliza kama wanawake hao wamelalamika. Hapana, hawakulalamika, wanacheka. Basi alete mwingine, akasema padri. Papa Télesphore akamjibu kwamba hakuna mwingine, na kwamba hajui kama utakuja tena wowote. Padri Eugène si mtu wa hotuba. Alimmiminia chai, akamwambia wasubiri, hakulitoa jina la wimbo kwenye programu.

Reine alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi alfajiri. Mama Émérence alikwenda naye hospitalini. Papa Télesphore, kama wanaume wote siku hizo, hakuwa na faida kwa mtu yeyote, akaenda kwenye nyavu. Jua lilikuwa limeshapanda aliposikia moto ya Jovial inakuja mbio kwenye mchanga ambapo moto haiwezi kwenda mbio. Jovial alisimama, akazima injini. Akainua vidole viwili.

Papa Télesphore akauliza viwili vya nini, anataka nini viwili, wanahitaji dawa, wanahitaji nguo? Jovial akatikisa kichwa, akainua tena vile vidole, na uso wake ule uliofungwa ukaanza kutetemeka kwenye pembe.

"Wawili, Papa," akasema mwishoni. "Kyungu na Kabange."

Maana mapasa hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, majina yanakuja nao. Na Jovial, haki ya Mungu, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kilichokaa ndani siku nyingi, na wavuvi walisimama kwenye mitumbwi yao kutazama kinakotoka.

Wanawake hawakungoja. Siku Reine aliporudishwa nyumbani kwa wazazi wake na watoto wake, mchana, barabara ilijaa. Mama Angélique alitangulia na ungo wake, majani kichwani, uso mweupe kwa udongo, na nyuma yake sauti yote ya pili, na sehemu nzuri ya sauti ya kwanza, na wauza ndagala ambao hawajawahi kuimba kwenye kwaya yoyote. Walianza na Jovial. Walimwimbia juu ya jembe lake mpaka masikio yake yakawa mekundu, wakamtaka aonyeshe kwa kucheza jinsi alivyolima, na yeye akacheza, vibaya sana, anacheka. Walimtukana mama yake aliyemficha kijana kama huyu. Kisha wakauliza yuko wapi yule mzee aliyeita mapasa kanisani. Papa Télesphore alikuwa amejikunja nyuma ya rundo la nyavu. Walimtoa kwa mikono, wakampaka udongo kwenye paji la uso na mashavuni, wakamzunguka, na Mama Angélique akatunga papo hapo: maestro, tulikuomba Utukufu mmoja, umetuletea miwili, mmoja sauti ya kwanza, mmoja sauti ya pili.

Na ndipo aliposikia.

Wimbo ulifika mwisho, mahali unapopaswa kushuka nyumbani, na haukushuka. Ulipanda ngazi moja ndogo. Ukakaa juu, wanawake wote pamoja, hata wale wa sokoni, wakaushikilia pale wakiwa wameinua ungo, kisha ndipo wakauachia ushuke. Wakarudia. Ukapanda tena.

Papa Télesphore aliinua mikono miwili, kama anavyofanya kwenye mazoezi, na kwa mazoea kwaya yake ikanyamaza. Wimbo wa mapasa haukatizwi katikati, na wanawake walimkaripia. Hakuwasikia. Alimwambia Mama Angélique kwamba wamekosea, wa zamani hauendi hivyo, wa zamani unashuka moja kwa moja, na Mama Angélique mwenyewe aliuimba hivyo kanisani. Mama Angélique akasema ni kweli, unashuka, subiri. Akauimba peke yake, na alipofika pale, ukapanda. Akajishika mdomo. Akajaribu mwanamke mwingine wa Mpala, akaanza kwa uangalifu, ukapanda. Wakajaribu wawili pamoja, wakabishana, mmoja akasema bibi yake alikuwa anafanya hivi, akafanya hivi, na ukapanda. Muuza ndagala mmoja, ambaye hajui habari za kwaya, alisema yeye huo mwingine hajawahi kuusikia, hapo sokoni wote wanaimba hivi toka Mama Angélique aanze kuuimba akipanga samaki. Wakacheka mpaka wengine wakaketi chini.

"Haushuki tena, Papa," Mama Angélique alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Umetuharibia. Sasa njo vile unaimbwa."

Papa Télesphore alisimama pale na udongo wake usoni. Aliona kwamba kilichokuwa chake kilikuwa kidogo sana, ngazi moja tu, mahali pa kusimama na kutazama. Na kwamba kidogo hicho kimetoka mikononi mwake, kimekwenda sokoni, kimeingia kwenye wimbo wa bibi yake, na hakuna mtu atakayeweza kukitoa tena. Furaha ilimpanda kutoka miguuni. Ndani ya nyumba mtoto mmoja alilia. Na ndani yake, chini kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili, kitu kikajibu. Alilia waziwazi, machozi yakachora njia kwenye udongo mweupe, na wanawake wakashangilia kwa vigelegele kwa sababu walidhani ni matusi yao yamemwingia vizuri.

Padri Eugène aliwakuta hivyo. Alikuwa amebeba sabuni mbili na nguo mbili za watoto, maana kwa mapasa huendi na kimoja. Alisimama uani akausikiliza wimbo hadi mwisho, maneno yake yote, pamoja na jembe. Kisha akamuuliza Papa Télesphore kama huo ndio Utukufu alioinyima parokia. Papa Télesphore alitamani ardhi immeze. Akaanza kueleza kwamba maneno hayo, Padri, si ya kwaya.

"Jina langu la nyumbani ni nani?" padri alimuuliza.

"Kabange, Padri."

"Basi mimi waliniimbia haya kabla ya kunimwagia maji ya ubatizo. Nayajua kuliko wewe. Jubilei tutaimba." Akaingia ndani kuwaona wenzake.

Wiki ile Gaspard alikuja na wavu wake mabegani. Mdomo umeshonwa wote, fundo kwa fundo, kazi safi kabisa. Aliutupa chini mbele ya Papa Télesphore, akamtazama, hakusema neno la hasira. Aliuliza tu kama wimbo ni wa sadaka au wa komunyo, na baada ya muda mrefu, alipokuwa amekwisha kuondoka, jibu lilimfuata nyuma: wa komunyo.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Ngoma ilipoanza Utukufu, wanawake wa Kalemie walitazamana, kila mmoja akauma kitu kilichokuwa karibu, kitenge au kidole, na wakaimba maneno matakatifu kwa heshima yote, isipokuwa viuno, ambavyo havikuambiwa. Altareni, chini ya kanzu ya padri, kiatu kimoja kilikuwa kinafuata ngoma. Jovial alicheka peke yake nyuma kabisa.

Reine alikuwa na Kabange kifuani. Kyungu alikuwa kwa bibi yake, Mama Émérence, ambaye huimba sauti ya pili, amemfunga mgongoni kwa kitenge kipya. Papa Télesphore alikuwa anaongoza kwa mikono miwili, na jicho lake likaangukia pale. Mtoto hakulala. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye mgongo wa Mama Émérence, macho wazi, mdomo wazi, ametulia kama anayesikiliza habari. Wimbo ukapanda ile ngazi ndogo, ukakaa, na mgongo wa Mama Émérence ukatetemeka kidogo kwa sauti yake. Papa Télesphore akaushikilia juu kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, kwaya nzima ikakaribia kuishiwa pumzi, naye anamtazama mtoto.

Huyu naye, alijiambia, siku moja atawaambia watu kwamba wimbo wake umeshuka kutoka mbinguni. Akashusha mikono, wimbo ukarudi nyumbani.